Kanada na mcheza kwao asiyetunzwa

Oktoba 2021 Bruce Liu, kijana aliyekulia Montreal, alishinda shindano la piano la Chopin kule Warsaw, na vyombo vya habari vya Kanada vikashangilia utadhani timu ya hoki imerudi na kombe. Miaka mitatu kabla yake ilikuwa zamu ya Emily D'Angelo wa Toronto, aliyezoa tuzo nne kwa mpigo katika shindano la waimbaji la Operalia. Kila ushindi wa namna hii unapotokea, utawasikia wakubwa wa sanaa wa huku wakisema: mnaona, mfumo wetu unafanya kazi.

Sikubali. Ushindi wa aina hiyo unaonyesha kwamba Kanada inajua kufundisha muziki, na hilo halina ubishi. Royal Conservatory ya Toronto ipo tangu 1886, na mtoto wa mji mdogo wa jimbo la Saskatchewan hufanya mtihani uleule wa piano anaofanya mtoto wa Toronto. Okestra ya taifa ya vijana ilianzishwa 1960. Canadian Opera Company, kampuni kubwa ya opera ya Toronto, ina programu ya waimbaji vijana, Ensemble Studio, tangu 1980, na Montreal ikafungua ya kwao, Atelier lyrique, 1984. Ukihesabu vyuo vikuu, kambi za majira ya joto kule Banff na mashindano, utaona nchi hii inamlea mwanamuziki wake vizuri hadi anafika miaka 28 hivi. Baada ya hapo inampa mkono wa heri.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame, kwa sababu watu wengi hawajui maisha ya huyu tunayemwita chipukizi yakoje.

Chukua mwimbaji wa opera. Ana shahada mbili, na mara nyingi deni la shahada hizo. Kila vuli anatuma maombi kwenye programu za waimbaji vijana, nyingi zikiwa Marekani, na baadhi zinatoza ada ya maombi hata kama hazitamwita kwenye usaili. Zikimwita, anasafiri hadi New York kwa gharama zake, analala kwa rafiki, anaingia chumbani na orodha ya nyimbo tano, anaimba moja aliyoichagua mwenyewe, wanamchagulia ya pili, wanamshukuru. Mwalimu wa sauti analipwa kwa saa. Mpiga piano wa kumfanyisha mazoezi analipwa kwa saa. Gauni, picha, rekodi ya video, vyote ni mfukoni mwake. Akipata kazi yenyewe huko Marekani anahitaji viza ya msanii, na ada za maombi ya viza hizo zilipandishwa tena Aprili 2024.

Tuseme amepata nafasi hapa nyumbani. Desturi ya Amerika Kaskazini ni kumlipa mwimbaji asiye wa kudumu kwa kila onyesho. Wiki tatu au nne za mazoezi zimo ndani ya malipo hayohayo. Sasa angalia ratiba: nje ya Toronto, kampuni nyingi za opera za Kanada huandaa opera mbili tatu kwa msimu, na kila moja huonyeshwa usiku wa siku tatu au nne basi. Kwa hiyo mtu anafanya kazi mwezi mzima na anahesabiwa siku nne. Akiamka na mafua siku ya tatu, hiyo haihesabiwi. Machi 2020, corona ilipofunga kumbi, wengi waliokuwa wamemaliza mazoezi au kukaribia kumaliza waligundua kwamba mkataba hauwadai waajiri chochote. Serikali ilitoa dola 2,000 kwa kila wiki nne kwa waliokosa kazi, na niliwasikia wasanii wakisema, nusu kwa utani, kwamba hawajawahi kuwa na kipato cha kutabirika namna hiyo.

Wapigaji wa okestra nao wana yao. Nafasi moja ya fidla ikitangazwa, wanakuja watu kutoka kila pembe ya nchi ambayo kutoka Halifax hadi Vancouver ni safari ya ndege ya nusu siku. Mpiga chelo hulipia kiti cha pili ndani ya ndege, maana chelo haiwekwi kwenye mizigo na mtu mwenye akili timamu. Anapiga nyuma ya pazia dakika chache, vipande vilevile ambavyo amekuwa akivirudia tangu chuoni. Na hutokea kamati ikasikiliza watu siku nzima, kisha ikatangaza kwamba haikumchagua yeyote.

Basi wanaishije? Wanafundisha watoto. Wanapiga kwenye harusi na misiba. Na Jumapili asubuhi wengi wa soprano na tenori bora wa Toronto utawakuta kanisani, wakiwemo wasioamini. Makanisa makubwa ya mjini hulipa waimbaji wachache wa kushika kila sauti, ili wanakwaya wa kujitolea wapate wa kumfuata. Sisi tuliokulia kwenye kwaya za Afrika Mashariki, ambako mwanakwaya ndiye anayechangishwa hela ya sare na nauli ya kwenda kurekodi, tunacheka kidogo tukisikia hayo. Lakini kwa mwimbaji wa Toronto malipo ya kanisa ni kodi ya nyumba.

Kuna jambo moja ambalo kwangu linaeleza tatizo lote. Mwaka 1985 Baraza la Sanaa la Kanada lilianzisha benki ya ala za muziki: fidla na chelo za karne zilizopita, baadhi zikiwa za mafundi wa Kiitalia kama Stradivari. Wapigaji vijana hushindania ala hizo, na washindi hukopeshwa kwa miaka 3. Kwa hiyo inawezekana kabisa ndani ya treni ya chini ya ardhi ukakaa karibu na binti wa miaka 26 aliyebeba mgongoni kitu cha mamilioni ya dola, anarudi kwenye nyumba aliyopanga na wenzake watatu, na hajui mwezi ujao atalipia nini. Sina ugomvi na benki hiyo. Ni wazo zuri, na fidla ya zamani bila shaka inapaswa kupigwa, isikae kabatini. Ninachouliza ni kwa nini ni rahisi zaidi kwa nchi hii kumkabidhi kijana Stradivari kuliko kumkabidhi mshahara wa mwaka mmoja.

Jibu mojawapo ni kwamba tuzo inapigwa picha. Honens, shindano la piano la Calgary, humpa mshindi wake dola 100,000, na mshindi huyo anaweza kuwa raia wa nchi yoyote. Mfadhili anapanda jukwaani, mshindi analia, habari inasambaa. Hakuna anayepigwa picha akilipia maonyesho manane ya jioni kwenye miji minane ya jimbo la Manitoba. Wakati huohuo kazi za kawaida zimekuwa zikitoweka taratibu. CBC, shirika la utangazaji la taifa, ilivunja okestra yake ya redio kule Vancouver mwaka 2008, nayo ilikuwa ya mwisho ya aina hiyo Amerika Kaskazini. Opera Hamilton ilifungwa 2014. Opera Lyra ya Ottawa, yaani mji mkuu wa nchi tajiri, ikafungwa mwaka uliofuata. Septemba 2023 okestra ya Kitchener-Waterloo, iliyoanzishwa 1945, ilifilisika siku chache kabla ya msimu kuanza. Wanamuziki wake wenyewe walichangisha fedha na kuandaa matamasha huku wakipigania irudi.

Hawa ndio waajiri wa chipukizi. Nyumba kubwa ya Toronto inaweza kumwita nyota kutoka Ulaya, lakini Hamilton ndiko kijana angeimba Rodolfo, yule tenori mkuu wa opera ya La bohème, kwa mara ya kwanza, akakosea mstari wa tatu, akarekebisha kesho kutwa. Ukiondoa Hamilton, unabaki na chuo upande mmoja na Metropolitan Opera ya New York upande wa pili, na katikati hakuna kitu.

Hiyo katikati ni ndefu kuliko tunavyodhani. Ben Heppner, tenori wa British Columbia aliyekuja kuwa miongoni mwa waimbaji wakubwa wa opera za Wagner wa kizazi chake, alishinda shindano la vipaji la CBC mwaka 1979. Dunia ilimjua 1988, aliposhinda usaili wa kitaifa wa Metropolitan Opera. Hapo katikati kuna miaka 9. Alikuwa akiimba kama tenori mwepesi, akapitia Ensemble Studio, kisha ikadhihirika kwamba sauti aliyojaliwa ni nzito. Sauti kubwa huchelewa kukomaa, kila mwalimu anajua hilo, lakini programu nyingi za vijana zinafunga mlango karibu na miaka 30 au kidogo zaidi. Sijui ni akina Heppner wangapi wameishia kuuza nyumba huko Mississauga, pembeni mwa Toronto.

Wanaotaka kuishi kwa sauti zao, wengi huenda Ujerumani. Huko kuna nyumba za opera karibu 80 zinazolipiwa na umma, na nyingi huajiri waimbaji wa kudumu: mshahara wa kila mwezi, bima ya afya, wahusika watano sita tofauti wa kuimba kwa msimu. Si peponi. Unaweza kuimba leo Mozart, kesho kutwa Verdi, na kwenye likizo ya Krismasi onyesho la watoto asubuhi, halafu akiingia mkurugenzi mpya mkataba wako haurefushwi. Lakini ni kazi, na mtu akiifanya miaka mitatu anarudi anajua kuimba hata siku ambayo mwili hautaki. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mkanada anayeimba opera anatunzwa Kassel au Karlsruhe, kisha akishaimarika anaalikwa Toronto kama mgeni wa heshima, na programu ya tamasha inamwita fahari yetu.

Kuna wanaosema: nchi ya watu milioni 40 waliotawanyika kiasi hiki haiwezi kuwa Ujerumani. Kweli kabisa. Lakini siombi nyumba 80. Kanada haijawahi kukosa ubunifu katika fani hii: yale maneno ya tafsiri yanayoonyeshwa juu ya jukwaa, ambayo leo nyumba za opera duniani zinayatumia, yalianza na Canadian Opera Company mwaka 1983. Against the Grain, kikundi kidogo cha Toronto, kilipata jina kwa kuonyesha La bohème ndani ya baa, watazamaji wakiwa na glasi zao mkononi. Desemba 2020, kumbi zote zikiwa zimefungwa, kikundi hichohicho kilitengeneza filamu ya Messiah ya Handel kwa waimbaji kutoka kila jimbo, baadhi wakiimba kwa lugha za wenyeji asilia. Shirika la Jeunesses Musicales limekuwa likipeleka wanamuziki vijana kwenye miji midogo tangu 1949. Debut Atlantic hufanya hivyo upande wa mashariki. Jeremy Dutcher, tenori wa Wolastoqiyik, mojawapo ya jamii za wenyeji asilia, aliyesomea muziki wa klasiki, hakusubiri nyumba ya opera imwite. Alichukua nyimbo za wazee wake, akaziimba kwa lugha yao, na mwaka 2018 akashinda tuzo ya Polaris ya albamu bora ya Kanada akiwa mbele ya waimbaji wa pop.

Mimi nikipewa fedha za tuzo moja kubwa, ningezigeuza kuwa maonyesho. Opera ileile, waimbaji walewale, lakini badala ya usiku wa siku tatu Calgary, iende miji midogo ya Lethbridge, Red Deer na Medicine Hat kwa piano na wapigaji sita. Ningelazimisha kila kampuni inayopokea fedha za umma ilipe wiki za mazoezi peke yake, mbali na malipo ya jukwaani. Na ningefuta kikomo cha umri kwenye programu zote zinazolipiwa na serikali. Mabaraza ya sanaa yatasema bajeti haitoshi, na huenda ni kweli, ila basi yapunguze sherehe.

Najua baadhi ya wasomaji wangu ni wazazi mlioko Toronto, Edmonton au Ottawa, na nyumbani kuna mtoto aliyeanza na kwaya ya kanisa na sasa anataka kusomea sauti. Mmoja aliniuliza kama mtoto mweusi ana nafasi huko. Anayo, na njia ni ya siku nyingi: Portia White wa Nova Scotia aliimba kwenye ukumbi wa matamasha wa Town Hall wa New York mwaka 1944, na Measha Brueggergosman alitoka Fredericton akafika kwenye majukwaa makubwa ya dunia. Swali la rangi lipo, ila si la kwanza ningeuliza. Ningekiuliza chuo: mwanafunzi wa kawaida, si yule nyota wenu, huimba wahusika wangapi tangu mwanzo hadi mwisho na okestra kabla ya kuhitimu? Waliohitimu miaka 5 iliyopita wako wapi leo, na wanalipwa na nani? Asilimia ngapi ya ada inafutwa na ufadhili? Chuo kikianza kukuonyesha picha za jengo jipya, nenda kingine. Mpeni mtoto mwaka mmoja wa kazi yoyote kabla ya shahada ya pili, asiingie kwenye deni la pili akikimbia la kwanza. Mpelekeni kwenye yale matamasha ya bure ya mchana pale Four Seasons Centre, jumba la Canadian Opera Company, awaone wanaomtangulia kwa miaka mitano sita, akawaulize wenyewe. Na Kijerumani aanze sasa.