Zoezi la kuandika sheli: utamu uko kwenye cd na bomba

Anayejifunza lugha ya C hafiki mbali kabla ya kuambiwa aandike sheli yake mwenyewe, yaani programu inayosoma amri, kuitekeleza, kisha kusubiri nyingine. Wapo wanaoapa kwamba hakuna njia bora ya kuuelewa mfumo endeshi. Wapo pia wanaosema zoezi hili limezeeka na lingestaafishwa.

Wanaolitetea wana silaha nzito: ufupi wake. Mistari isiyofika mia inatosha kuanzia. fork huzaa nakala ya mchakato (programu inayoendeshwa), execvp huivisha nakala hiyo programu mpya, na waitpid humfanya mzazi amsubiri mtoto. Jioni ya kwanza tu ls, amri ya kuorodhesha faili, inafanya kazi, nawe unajiona fundi.

Kisha inakuja cd, amri ya kubadili folda. Ukiita chdir, wito wa mfumo unaofanya kazi hiyo, ndani ya mchakato mtoto, kosa halionekani popote, lakini folda haibadiliki. Mtoto amehama, amekufa huko alikohamia, na mzazi hajasogea hata hatua moja. Ndiyo maana cd lazima iishi ndani ya sheli yenyewe. Usione haya: Dennis Ritchie, mmoja wa waundaji wa mfumo endeshi wa Unix, alisimulia kwamba hata katika Unix ya mwanzo kabisa, kwenye kompyuta ya PDP-7, chdir iliacha kufanya kazi mara tu fork ilipoongezwa, kwa sababu hiyohiyo.

Bomba, alama ya | inayopeleka matokeo ya amri moja kwenye nyingine, linafundisha zaidi. Jaribu ls | wc -l, ambapo wc huhesabu mistari inayotoka kwa ls. Mzazi akisahau kufunga ncha ya bomba ya kuandikia, wc haitauona mwisho wa data. Itakaa inasubiri, kimya, bila ujumbe wowote. Saa mbili za kumtafuta mchawi huyo zitakueleza maana ya faili iliyo wazi kuliko mhadhara wowote.

Sasa upande wa pili. Lawama ya kwanza ni ya haki: muda mwingi huliwa na uchambuzi wa maandishi. Alama za kunukuu, mkwaju wa nyuma, nyota, dola. Amri echo "a | b" isikatwe katikati. Hilo ni somo la vikompaila lililojipenyeza. Tena halina mwisho. Bash, sheli maarufu iliyoanzishwa na Brian Fox na kutolewa mwaka 1989, ilikutwa mwaka 2014 na kasoro ya usalama ya Shellshock, iliyotokana na namna ilivyosoma kazi (functions) zilizofichwa ndani ya vigezo vya mazingira. Kwa mwanafunzi, kukata maneno penye nafasi kunatosha.

Lawama ya pili inamlenga fork mwenyewe. Mwaka 2019 watafiti kadhaa, wakiwemo wa Microsoft, walitaka aache kufundishwa kama msingi wa kuanzisha michakato. Hoja zao ni nzito: katika programu yenye nyuzi nyingi (threads, njia za utekelezaji zinazoenda sambamba), fork hunakili uzi mmoja tu, na kufuli zilizoshikwa na nyuzi nyingine hubaki zimefungwa bila wa kuzifungua. Windows, kwa upande wake, huanzisha programu moja kwa moja kwa CreateProcess.

Kwa programu kubwa za kazini nakubaliana nao. Darasani sikubali. Ule mwanya mdogo kati ya fork na exec ndipo mwanafunzi anapopanga upya faili kwa dup2, wito unaoelekeza matokeo kwenye faili nyingine, kwa mkono wake, na kuona kwamba alama ya >, inayopeleka matokeo kwenye faili, haina uchawi. posix_spawn, wito mmoja unaoanzisha programu mpya, hufanya kazi hiyohiyo, ila maelekezo unayaandika kwenye orodha na kuikabidhi. Upangaji wenyewe huuoni.

Kinachonikera mimi ni wanaoishia kwenye ls na kutangaza wamemaliza. Kabla ya kumpa mtu alama, ningemwambia aendeshe sleep 100, amri ya kusubiri sekunde mia, kisha abonyeze Ctrl-C ya kuikatiza. Ishara ile hutumwa kwa kundi zima la michakato lililo mbele kwenye terminali, na asipoishughulikia, sheli yake itazimika pamoja na sleep.