Jeni zinapoamka baada ya kiharusi, zinaokoa au zinaua?

Mshipa mkubwa wa ubongo ukiziba, kwa wastani seli za neva milioni 1.9 hupotea kila dakika inayopita bila tiba. Hazifi kwa namna moja. Zile za katikati, damu inapokatika kabisa, huisha haraka bila nafasi ya kujitetea. Za pembezoni bado zinapata damu kidogo. Hunyamaza, zikabaki kati ya uhai na kifo kwa saa nyingi. Huko ndiko jeni, yaani maagizo ya kuunda protini yaliyomo ndani ya seli, huamka, na ndiko wanasayansi wanakovutana.

Wapo wanaoziona jeni hizo kama ngao. Mwaka 1990 watafiti wa Japani waliziba kwa dakika 2 tu mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo wa panya wa jangwani, wakarudia kesho yake. Siku 2 baadaye waliiziba kwa dakika 5, muda ambao kwa kawaida huangamiza seli za hipokampasi, sehemu ya kumbukumbu. Safari hii nyingi zilisalimika. Kinga ya namna hii haiji papo hapo: huchukua kama siku nzima kujengeka, kwa sababu seli lazima isome jeni zake na kuunda protini za kujikinga.

Wengine wanajibu kwamba seli hizohizo hujiua. Protini iitwayo Bax hutoboa mitokondria, vinu vya nishati vya seli, kisha kaspasi-3, kimeng'enya kinachokata protini, huikatakata seli kutoka ndani. Tena, panya waliopewa dawa inayozuia utengenezaji wa protini mpya walipoteza sehemu ndogo zaidi ya ubongo. Hoja hii ni nzito: kuna seli zilizolazimika kutengeneza kitu ili zife.

Kwangu mimi, kosa ni kuchagua upande. Tazama HIF-1, protini inayowasha jeni oksijeni inapopungua. Huotesha mishipa mipya, na huchochea pia jeni ya BNIP3, inayosukuma seli kufa. Mwaka 2005 panya waliofutiwa HIF-1 katika ubongo waliumia kidogo kuliko panya wa kawaida. Mwaka 2007 kundi lingine likaona wakiumia zaidi. Namna walivyonyimwa oksijeni haikufanana, kwa hiyo matokeo yote mawili yanaweza kuwa kweli.

Ndiyo maana siiamini dawa ya kuzima jeni hizi zote kwa mkupuo. Mgonjwa mmoja hufika saa ya pili tangu kiharusi kianze, mwingine saa ya ishirini, na jeni zinazofanya kazi katika bongo zao si zilezile. Atakayeleta dawa ya jeni aseme kwanza ni ya saa ngapi.