Asilimia 65 za mpira, halafu?

Hapa Kamalondo, Lubumbashi, mechi ya klabu yetu ya Mazembe ikiisha, ubishi siku hizi hauishii kwenye bao. Kijana anatoa simu: tumemiliki mpira asilimia 65, kona zote zetu, tumeonewa. Mzee wa pembeni anamjibu kwamba kona haziandikwi kwenye kombe. Kwa maoni yangu, kijana ameshika namba mbaya, na mzee anatupa hata ile nzuri.

Umiliki wa mpira ndio unaopotosha zaidi. Kombe la Dunia la 2018, Hispania walipiga pasi zaidi ya 1,000 dhidi ya Urusi, wakatolewa kwa penalti. Mwaka 2022 yakawakuta yaleyale mbele ya Moroko. Pasi ya beki kumrudishia kipa inahesabiwa sawa na pasi iliyopasua ngome. Nasi tuna ushahidi wetu: Desemba 2010, Abu Dhabi, Internacional ya Brazil ilibisha hodi sana, kipa wetu Kidiaba akapangua, Kabangu na Kaluyituka wakafunga. 2-0, Mazembe fainali ya Kombe la Dunia la Klabu.

Hapo mzee anacheka. Asiharakishe kucheka, maana macho ya mshabiki nayo hufuata matokeo. Januari 2024, kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, Kodivaa walipigwa 4-0 nyumbani na Guinea ya Ikweta, kocha akaondoka, watu wakaizika timu. Lakini siku hiyo ndio waliomiliki mpira zaidi na kupiga mashuti mengi zaidi. 4-0 ilikuwa kubwa kuliko mchezo wenyewe. Wiki chache baadaye wakawa mabingwa, na njiani wakawatoa Léopards wetu, timu ya taifa ya Kongo, 1-0. Na sisi je? Mechi saba, sare tano, na ushindi mmoja tu ndani ya muda wa mchezo, ule wa 3-1 dhidi ya Guinea. Tukawa wa nne. Tulishangilia na tulistahili, ila nafasi ya nne peke yake haisemi tulichezaje.

Namba ninayoiamini kuliko nyingine ni ya mabao tarajiwa, xG. Kila shuti linapewa uzito kati ya 0 na 1 kulingana na umbali, pembe, kichwa au mguu. Penalti ina karibu 0.8, shuti la mita 30 halifiki hata 0.1. Kwa hiyo mtu hawezi kujisifu kwa mashuti kumi ya mbali. Hata hivyo nayo haimhesabu mshambuliaji aliyevuta mabeki wawili bila kugusa mpira. Hilo analiona mzee. Tena mechi moja haitoshi, kwa sababu anayeongoza hulegeza na anayefukuzia hupiga ovyo. Ujerumani walipoichapa Brazil 7-1 mwaka 2014, Brazil ndio waliomaliza na mashuti mengi zaidi. Ilikuwa 5-0 kabla ya nusu saa!

Mechi nyingi za Linafoot, ligi yetu ya Kongo, zinatuachia matokeo, wafungaji na kadi, basi. Vijana wawili wenye daftari pale uwanja wa Kibassa Maliba wangetosha kuanzia: shuti la ndani ya boksi, dakika yake, na matokeo yalikuwaje wakati huo. Mechi kumi zikipita, ubishi wa Mazembe na watani wao wa mjini, Lupopo, utakuwa na cha kushika, ingawa sidhani kama utapungua.