Maxima, SymPy au Mathematica: ipi iingie skuli za Unguja na Pemba?

Mwalimu wa hesabu wa Wete au Tunguu anayetafuta programu ya aljebra huuliza bei kwanza, na ana haki. Mathematica, iliyotoka mwaka 1988, hulipiwa leseni na hula GB kadhaa za diski. Maxima ni ya bure wala si ya juzi: asili yake ni Macsyma, iliyoanzwa chuo kikuu cha MIT, Marekani, mwaka 1968. SymPy nayo ni bure, na faili lake halifiki MB 10.

Mimi bei naiweka ya pili. La kwanza ni hili: programu inafanya nini pale jibu linapotegemea sharti? Chukua intigrali ya x^n. Mathematica hukupa x^(n+1)/(n+1) papo hapo, bila ya kukumbusha kwamba n ikiwa −1 unagawa kwa sifuri, na jibu la hapo ni logi ya x. Maxima husita ikakuuliza: je, n ni sawa na −1? SymPy hutoa majibu yote mawili, kila moja na sharti lake. Mhandisi mwenye haraka maswali hayo yatamchosha. Kwa mwanafunzi wa kidato cha sita, swali lile ndilo somo lenyewe.

Hata hivyo, kwenye intigrali ngumu Mathematica mara nyingi hufika pale wenzake wanapokwama, na maelezo yake yamejaa mifano. SymPy imeandikwa kwa lugha ya Python, kwa hiyo hesabu kubwa huikokota taratibu. Tena ina mtego: ukiandika x**(1/3), yaani x kwa kipeo cha 1/3, Python hugawa kwanza, SymPy ikapokea 0.333 na sehemu kamili imeshapotea. Andika x**Rational(1,3). Kwenye Maxima 1/3 hubaki 1/3, ila a = 5 haihifadhi kitu, ni mlinganyo tu; kuhifadhi ni a : 5.

Darasani ningeanza na Maxima kupitia wxMaxima, yenye menyu na vitufe. Anayeelekea kwenye uprogramu ahamie SymPy. Pasipo na bando, tafuta intaneti mjini na kwenye dirisha la amri uandike pip download sympy (pip ni kipakuzi cha Python). Yatashuka mafaili mawili, SymPy na mpmath, ambayo SymPy huitegemea. Yatie kwenye flashi, na ukifika skuli fungua dirisha la amri ndani ya folda lenye mafaili hayo uandike pip install --no-index --find-links=. sympy. Python iwe imeshawekwa kabla, la sivyo kompyuta haitaitambua pip.