Mwanza Nayo Inahitaji Bustani Kama ya Entebbe

Anayetaka kujua mwambao wa Ziwa Viktoria ulivyokuwa kabla ya kuta na mabati, aende Entebbe. Bustani ya mimea ya pale ilianzishwa mwaka 1898, na hadi leo ina takriban hekta 40 za miti na nyasi zinazoteremka mpaka majini. Nilitoka humo na wivu. Ziwa ni hilihili letu.

Waingereza hawakuianzisha ili watu wapunge upepo. Lilikuwa shamba la majaribio: mpira, kakao, kahawa na mimea mingine ya biashara ililetwa ionekane kama itastawi Uganda. Msimamizi wa kwanza, Alexander Whyte, alitokea Nyasaland, Malawi ya leo. Lakini Wahaya kule Bukoba walikuwa na kahawa yao kitambo, wakiichemsha, wakiikausha na kumkaribisha nayo mgeni aitafune. Hilo nalo linastahili kusimuliwa kwa kila anayetembezwa pale.

Usogelee mkakao. Matunda yake hayaning'inii kwenye vitawi kama maembe. Yanachomoza kwenye shina lenyewe, manene, yenye mifereji, mengine karibu na ardhi. Watoto wangapi wa Mwanza wanakunywa kakao bila kuwahi kuuona mti wake? Mbele kidogo kuna kipande cha msitu wa asili. Humo mizizi imepanda shinani hadi kumpita mtu kimo, na juu mbega wanarukaruka, mikia myeupe inaning'inia.

Mtaniambia tuna Saanane. Tunayo, ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na naipenda sana. Ila ni kisiwa: kuna kiingilio, kuna boti. Mtu wa Igoma au Mabatini anataka kivuli atakachokifikia kwa daladala Jumapili jioni, yeye na watoto wake.

Ardhi ya kuanzia ipo kisheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Tukiuacha ukanda huo hivihivi, unamegwa kidogo kidogo, leo uzio, kesho ukuta. Upandwe mivule na mikuyu, na kila mti uwekewe kibao chenye jina lake. Maji ya kumwagilia yako hatua chache tu. Shule za jirani zigawiwe vipande vya kutunza, na kazi ianzie Capripoint, ambako viwanja vinagombewa kuliko kwingine.