Kuzungumza si kusalimu amri

Juzi nimemsikia tena mchambuzi wa usalama redioni akisema serikali ya Kenya haizungumzi na magaidi, basi, mjadala umefungwa. Damu ilinichemka. Kauli hiyo ni nyepesi mno mdomoni mwa mtu ambaye hana ndugu yake aliyetekwa kule msituni.

Tuwakumbuke madaktari wawili wa Cuba. Aprili 2019 walitekwa Mandera, mpakani mwa Kenya na Somalia, asubuhi wakielekea hospitali, polisi aliyekuwa akiwasindikiza akapigwa risasi akafa, nao wakavushwa mpaka kuingia Somalia. Wazee wa Mandera ndio waliovuka kuwafuata. Wazee wale hawakuwa na bunduki wala cheo. Walichokuwa nacho ni ukoo, lugha, na heshima ambayo hata mwenye silaha huiogopa. Lakini mambo yakakwama, miaka ikapita. Februari 2024 Al-Shabaab, kundi la wapiganaji wa Somalia lililowashikilia, wakatangaza kwamba wawili hao wamekufa katika shambulio la ndege za Marekani huko Jilib, Somalia. Karibu miaka mitano mateka! Mkewe mtu, mama wa mtu, anaishije na kimya kirefu namna hiyo?

Sasa tazama machifu watano waliotekwa Elwak, huko huko Mandera, Februari 2025. Baada ya takriban miezi miwili walirudi wakiwa hai, na ni wazee hao hao waliowahangaikia. Kwa hiyo mlango upo, na kila mtu mpakani anajua upo. Kinachoniuma ni kwamba unafunguliwa kwa siri, kwa kubahatisha, na hutegemea mateka ni nani.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba fidia wanayolipwa watekaji leo hununua risasi za kesho. Hilo silipingi. Lakini kuzungumza na kulipa ni mambo mawili tofauti, na wanaoyachanganya wanawanyima wazee nafasi ya kufanya kazi wanayoiweza.

Silvia Romano, Mtaliano aliyekuwa akijitolea Kenya, alipotekwa Chakama, kule Kilifi, Novemba 2018, washambuliaji walifyatua risasi ovyo na kujeruhi wanakijiji, watoto wakiwemo. Silvia aliachiliwa Mei 2020, na Waziri Mkuu wa Italia mwenyewe, Giuseppe Conte, akaenda uwanja wa ndege kumpokea. Nilifurahi kwa dhati kumwona akimkumbatia mama yake. Ila niliwaza pia watoto wa Chakama, na familia ya yule polisi wa Mandera. Serikali inayojali watu wake huonekana mlangoni mwao.

Ninachodai si kikubwa. Kila familia ya mateka ipewe afisa mmoja wa kuwapigia simu kila wiki, hata kama hana jipya la kusema. Mishahara ya waliotekwa wakiwa kazini isikatizwe. Na wazee wanaovuka mpaka kuomba roho za watu wapewe idhini rasmi na ulinzi, wasije wakageuzwa washukiwa wakirudi.