Redio ya umma bado inahitajika huku mikoani

Mwandishi mmoja anauliza kwa nini walipa kodi wa Uganda waendelee kuigharamia UBC, shirika letu la utangazaji la umma, ilhali redio za binafsi zimejaa tele tangu milango ifunguliwe mwaka 1993. Naandika kutoka Arua, na swali hilo linaniuma.

Jamani, mmesahau Gulu, kule kaskazini mwa Uganda? Mega FM ilianza 2002 kwa msaada wa Uingereza, chini ya serikali yetu. Kipindi chake cha Dwog Paco, yaani rudi nyumbani kwa Kiacholi, kiliwaweka mbele ya maikrofoni vijana waliotoka msituni, nao wakawaita wenzao waliobaki na waasi wa LRA, kundi la Joseph Kony: mimi ni mzima, sikuuawa, njoo. Wengi walitekwa wakiwa watoto. Walisikia, wakarudi. Mfanyabiashara gani angelipia tangazo katikati ya maneno hayo?

Kwamba wapinzani hupata nafasi finyu UBC wakati wa uchaguzi, hapo nakubaliana na mwandishi huyo kabisa. Basi tuidai iwe ya wananchi wote, maana ndiyo kazi ya shirika la umma. Kuinyima fedha ni kumwadhibu mama yangu, asiyesoma gazeti wala kujua intaneti, anayengoja habari kwa Kilugbara kwenye redio yake ya betri.